Wazee wa Kijiwe

Samaki mkavu wa kisiwa cha Macaloe huvuka kwa dau hadi pwani ya Mucojo, na akishatua bara huhamia kwenye tenga nyuma ya pikipiki. Njia ya kwenda Macomia ni mchanga na mashimo. Anayeijua ni yule kijana aliyelifunga tenga kwa mpira wa tairi kuukuu, akavaa koti kinyume, mgongo wa koti ukawa mbele ili upepo usimwingie kifuani. Kaskazini yote ya Cabo Delgado ya Msumbiji, na ng'ambo ya Ruvuma hadi Mtwara na Lindi, biashara ndogo imetembea kwa namna hiyo miaka mingi sasa. Kijana yule amekwisha kuwa mtu mzima. Goti linamuuma, kiuno hakinyooki asubuhi, na watoto wake wako shuleni. Nini kitampata yeye, na nini kitakipata chama chake, wakizeeka pamoja?

Kwingineko vyama vya pikipiki vimeanza kuzeeka zamani. Marekani, kwa takwimu za baraza la watengenezaji pikipiki wa nchi hiyo, nusu ya wenye pikipiki mwaka 1990 walikuwa chini ya miaka 32. Kufikia 2018 nusu yao walikuwa wamevuka 50. Kwa sehemu kubwa ni kizazi kilekile. Walioipenda pikipiki ujanani waliendelea nayo, wakaota mvi juu yake, na nyuma yao hawakuja wa kutosha kujaza nafasi. Harley-Davidson, kampuni iliyoanza 1903 na kuunda klabu ya wateja wake mwaka 1983, mauzo yake yalifika kileleni mwaka 2006, kisha yakaanza kuteremka. Japani nako makundi ya vijana wa pikipiki waitwao bosozoku, yaliyokuwa na watu zaidi ya 42,000 mwaka 1982 kwa hesabu ya polisi, yamebaki mabaki. Siku hizi wanaokusanyika na pikipiki za mtindo ule ni wanaume wa makamo, waliokuwa vijana wakati huo.

Uingereza kuna mfano wa kutazamwa kwa makini zaidi. Vintage Motor Cycle Club iliundwa mwaka 1946 kwa ajili ya pikipiki za kale, na kwa hiyo tangu mwanzo haikutegemea ujana wa mtu. Ina maktaba, ina kumbukumbu za viwanda vilivyokufa, ina watu wanaojua namba ya injini fulani ilitoka mwaka gani. Mwanachama asiyeweza tena kupanda pikipiki bado ana kazi ya kufanya. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu naamini ndiko fundo la suala zima lilipo.

Afrika Mashariki vilabu vya pikipiki za starehe vipo pia: Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, vingine vya wanawake watupu kama Inked Sisterhood ya Nairobi. Zanzibar, Mji Mkongwe, Vespa bado zinapita vichochoroni, na nyingine zina umri mkubwa kuliko wanaoziendesha. Lakini hivyo ni vilabu vya watu wachache wenye kipato, na kuzeeka kwao kutafanana na kwa Wamarekani. Chama cha pikipiki chenye uzito kwetu ni kijiwe: kundi la waendeshaji wanaokaa sehemu moja kungoja abiria, wana mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wana foleni yao, faini zao na daftari lao. Kenya wanaita steji, mashariki ya Kongo ni maegesho ya wamotari, Pemba ya Msumbiji ni vituo vya taxi-mota. Jina linabadilika, mambo ni yaleyale.

Kazi hii ilianza kwa baiskeli mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Pikipiki zilishika nafasi baadaye, na mlango ulipanuka kweli zilipoingia pikipiki za bei nafuu za China na India. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, na kazi iliyokuwa ikifukuzwa na polisi ikawa halali. Baada ya hapo vijana walimiminika. Aliyekuwa na miaka 25 wakati kanuni zile zinatoka, leo amefika 40. Huyo ndiye mwanzilishi wa vijiwe vingi, na huyo ndiye mwenyekiti wake hadi leo.

Tuangalie kwanza kwa nini haondoki. Wengi wameingia kazini kwa mkataba: tajiri ananunua pikipiki, dereva anapeleka hesabu kila siku, kwa Tanzania shilingi elfu kadhaa, mara nyingi kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha pikipiki inakuwa yake. Kwa maneno ni mpango mzuri. Kwa vitendo, siku anayokabidhiwa kadi, ile pikipiki imekwisha kukimbia kwenye vumbi na mchanga mchana na usiku, cheni imebadilishwa, shokomzoba zimelegea, injini inataka kufunguliwa. Anaimiliki wakati ambapo inaanza kumla. Ataiendesha kwa muda, ataiuza kwa bei ya kutupa, kisha ataingia mkataba mwingine. Mtu anaweza kuzunguka hivyo mara tatu au nne ndani ya miaka kumi, na mwisho akawa na kijumba cha vyumba viwili na deni. Hana akiba ya kuachia kazi. Anabaki kwenye kijiwe kwa sababu hana pa kwenda.

Kisha mwili. Abiria anayemwona bodaboda akipita huona mwendo tu, haoni saa kumi na mbili za kukaa kwenye mtetemo, mikono ikikamata usukani na macho yakipigwa na vumbi. Ajali zenyewe zinajulikana. Wodi za mifupa za hospitali kubwa za kanda hii, Muhimbili na Mulago zikiwemo, zimezoea vijana wa pikipiki wenye miguu iliyovunjika. Mguu uliowekewa chuma ukiwa na miaka 28 unarudi kudai haki yake ukifika 45. Ndiyo maana uzee wa bodaboda unaanza mapema kuliko uzee wa mwalimu au karani, na haungoji mvi.

Hapa ndipo kijiwe kinapoingia. Ukitaka kukijua kijiwe, liombe daftari la mweka hazina. Ni daftari la shule la kurasa 96, kona zimekunjika, limevikwa mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Upande mmoja kuna majina, upande wa pili mistari ya siku, na kwenye kila kisanduku alama ya aliyetoa. Kurasa za nyuma kuna matumizi: pole ya msiba wa mama wa fulani, dhamana ya polisi, matibabu ya aliyegongwa, sanda, nauli ya kusafirisha maiti. Kuna upatu unaozunguka, unaoitwa xitique Msumbiji. Serikali hazikuandika daftari hili wala hazikulipia kalamu. Kwa watu wengi wa kazi hii ndiyo bima pekee waliyonayo, na imeokoa nyumba nyingi kuliko mpango wowote uliozinduliwa kwa hotuba.

Lakini daftari hili lina kasoro ya hesabu ambayo haikuonekana wakati wote walikuwa vijana. Mchango wa pamoja hufanya kazi pale shida zinapofika kwa zamu. Leo anaumwa huyu, tunamchangia, kesho kutwa ni yule. Kijiwe cha watu walioanza pamoja wakiwa na umri mmoja kitafika siku ambayo zamu zimekwisha: wote wana magoti, wote wana wazazi wanaokufa, wote wana watoto wa sekondari, na mapato yao wote yameshuka kwa sababu hawawezi tena kukesha barabarani. Fedha zinatoka kwenda kwa wengi na hakuna zinakoingilia. Ili daftari lipone, lazima kila mwaka waongezeke wenye miaka 20 watakaochangia bila kuugua kwa muda mrefu.

Je, wanaongezeka? Vijana wa pikipiki wapo, tena wengi. Tatizo ni kwamba hawaingii kwenye kijiwe, na nadhani kijiwe chenyewe ndicho kilichofunga mlango. Abiria wa eneo moja wana kikomo, na kila pikipiki mpya inapunguza mlo wa waliopo. Kwa hiyo kijiwe kinaweka kiingilio. Mwanzoni ni kidogo, pesa ya soda. Eneo likichangamka kiingilio kinapanda hadi kinakaribia malipo ya awali ya pikipiki yenyewe. Kwenye steji nzuri za Kampala na Nairobi nafasi ni mali. Mtu anayehama anaiuza. Kwa mwanachama wa sasa huo ni ulinzi halali wa riziki yake, simlaumu. Lakini ndiyo namna chama kinavyojizeesha: waliomo wanabaki, na wa kuwapokea mzigo wanakaa nje.

Nje siku hizi kuna kazi. Programu za simu zimewapa vijana njia ya kupata abiria bila kukaa chini ya mwembe wa mtu yeyote. SafeBoda ilianza Kampala katikati ya miaka ya 2010, Bolt na Uber zikaingia na pikipiki zao, na kijana mwenye simu na leseni ya daraja A hahitaji tena kumwomba mwenyekiti. Anapata abiria, hapati mazishi. Siku akigongwa, kampuni iko mbali na simu yake imevunjika. Lakini kijana wa miaka 21 hahesabu mazishi, na hilo halina dawa ya mahubiri. Hivyo kijiwe kinabanwa pande zote mbili: kiingilio kinawazuia wasio na fedha, simu inawavuta wasio na subira. Wanaobaki benchini ni waanzilishi, wakilinda foleni inayopungua watu.

Siasa nayo imeharibu baadhi ya vyama vilivyotaka kukua kupita kijiwe. Uganda, chama cha Boda Boda 2010 kilikuwa na nguvu kubwa Kampala hadi kiongozi wake alipokamatwa Januari 2018, kikasambaratika, na wanachama wakarudi kwenye steji zao bila kitu mkononi. Kenya, Machi 2022, waendeshaji walipomshambulia mwanamke kwenye gari lake Nairobi, video ilisambaa, mamia ya pikipiki zikakamatwa na rais akaagiza usajili upya wa sekta nzima. Mshikamano uleule unaomzika mwenzao ndio uliokusanya kundi lile barabarani. Mahali penye wazee wanaosikilizwa, mara nyingi kuna mtu wa kusema "jamani, basi" kabla mambo hayajafika huko. Hiyo ni faida ya umri ambayo hakuna kanuni ya leseni inayoihesabu.

Watu wa pwani si mara yao ya kwanza kuona chama cha vijana kikizeeka. Ngoma ya Beni ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikashuka Tanganyika na kuenea na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Pande zake mbili, Marini na Arinoti, zilikuwa na sare, vyeo vya kijeshi, wafalme wao, mashindano ya kugharimu na michango ya kuzikana. Mgeni akifika mji asioujua alitafuta watu wa upande wake, akapata pa kulala. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika juu yake kitabu kizima mwaka 1975. Pamoja na ukubwa wote huo, kufikia miaka ya 1950 vijana wa mijini walikuwa wamehamia kwenye dansi na mpira. Nguvu ya Beni ilikuwa kwenye mchezo wenyewe, na vyeo vilishikwa na wakubwa. Mchezo ulipopoteza ladha kwa vijana, hakikubaki kitu cha kuwavuta.

Mpira ulikwenda njia nyingine. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na hakuna mwanachama wa leo aliyecheza katika vikosi vya mwanzo. Vilabu hivi vilijua mapema kumpa kazi mtu asiyecheza. Wazee wa Yanga wamekuwa na baraza lao miaka na miaka. Wamegombana na viongozi, wamepinga mabadiliko, wamewachelewesha waliotaka kwenda haraka, na mashabiki wengi wamewachoka. Lakini ni wao walioshika kumbukumbu na jengo wakati viongozi wanapita. Yalipokuja mabadiliko ya kuzifanya timu ziendeshwe kwa hisa, Simba ikimpata mwekezaji wake Desemba 2017 na Yanga ikibadili katiba mwaka 2021, kulikuwa na wanachama wa kupiga kura na kitu cha kupigiwa kura. Mzee alikuwa na sehemu yake hata akiwa hana miguu ya kukimbilia mpira.

Kijiwe hakina sehemu hiyo. Mwendeshaji akiacha kuendesha, jina lake linatoka kwenye foleni, na mara nyingi linatoka na kwenye daftari. Uanachama umefungwa kwenye kiti cha pikipiki. Amechangia miaka kumi na mbili misiba ya wenzake, siku anashuka kwa sababu ya uti wa mgongo anaondoka na salamu tu. Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa kuliko ajali na kuliko kodi, kwa sababu unamfundisha kila aliyebaki kwamba asishuke. Kwa hiyo hashuki. Anaendesha na macho yasiyoona vizuri usiku.

Na ajabu ni kwamba wavuvi wa visiwani, wa Macaloe na Matemo na Ibo na pwani nzima ya Quirimbas, wanaishi na utaratibu unaojibu jambo hili. Mapato ya safari ya kuvua, kwa desturi ya pwani, hukatwa mafungu. Mabaharia wana yao, nahodha ana lake, na chombo nacho kina fungu lake, nyavu nazo vilevile. Nahodha akishindwa na bahari habaki bure. Kama ana dau au ana nyavu, fungu linamfuata pale alipoketi pwani akishona nyavu za wengine. Vijana wanakwenda majini na chombo chake, na wanapomletea chake hawaoni kwamba wanatoa sadaka, kwa sababu chombo kimefanya kazi. Mzee huyo pia ndiye anayejua upepo wa kusi unageuka lini, na mwamba uko wapi maji yakitoka. Ujuzi wake una soko.

Sababu moja inayowezesha hilo ni umri wa chombo chenyewe. Dau linatibiwa ubao kwa ubao, linakalafatiwa, linapakwa mafuta, linaweza kumzika aliyelichonga. Pikipiki ya cc 125 kwenye njia ya Mucojo haina maisha hayo. Kwa hiyo haiwezi kuwa urithi wa mtu mmoja. Lakini inaweza kuwa mali ya kijiwe. Kijiwe chenye fedha za upatu kinaweza kununua pikipiki yake, kuikabidhi kwa kijana asiye na kiingilio, hesabu ya siku ikaingia mfuko wa kijiwe badala ya mfuko wa tajiri wa mjini, na ikichakaa inunuliwe nyingine. Kijana ameingia bila kulipa mlango. Mzee aliyeshuka ana fungu kwenye mfuko. Kuna vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vya waendeshaji, Kenya na Tanzania, vinavyokopesha wanachama wao pikipiki kwa njia inayokaribia hii. Vingi vinaishia kumkopesha mtu mmoja mmoja, kisha pikipiki inakuwa yake na hadithi ya mkataba inaanza upya. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, ni kubwa baada ya miaka kumi.

Mipango ya serikali imejaribu. NSSF ya Kenya ilianzisha Haba Haba, ambapo mtu anaweka kuanzia shilingi 25 kwa siku. Msumbiji, INSS ina utaratibu wa wanaojiajiri. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vya bodaboda vimenufaika humo. Fungu la vijana lina ukomo wa umri, na mwanzilishi wa kijiwe ameshaupita au anaukaribia. Akishaupita, yeye ni mwanamume, hana ulemavu unaotambuliwa, na ujana umekwisha. Hana mlango wa kubisha. Mipango ya pensheni nayo inadai subira ya miaka mingi kutoka kwa mtu ambaye daftari la kijiwe linamlipa wiki hiyohiyo ya msiba. Wenye mipango hiyo wakipita kwenye daftari hilo, wakamfanya mweka hazina wa kijiwe kuwa wakala wao, wangefika mbali zaidi kuliko kwa mabango.

Pikipiki za umeme zinakuja, na zitaongeza kasi ya yote haya. Rwanda imeamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Betri inabadilishwa kituoni kwa dakika chache, na wenye vituo ni makampuni. Mzee wa kijiwe aliyejua kusikiliza injini na kusema kasoro iko wapi anapoteza heshima hiyo. Anayekopeshwa pikipiki mpya kwa urahisi ni kijana.

Sasa turudi Cabo Delgado, maana huko mambo yamepinda kwa namna ya pekee. Vijiwe vya kwingine vinazeeka polepole. Vya kaskazini mwa Cabo Delgado vilikatwa. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vilianza Mocímboa da Praia. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani hiyohiyo. Macomia ilishambuliwa Mei 2020, Mocímboa ikatekwa Agosti mwaka huo, Palma ikavamiwa Machi 2021, na kabla majeshi ya Rwanda hayajafika Julai 2021 watu walikuwa wamekimbia kwa malaki. Idadi ya waliohama ilikaribia milioni moja kufikia 2022. Mwaka 2024 waasi waliishika Mucojo kwa miezi, na Macomia ikavamiwa tena Mei. Kijana wa tenga la samaki yuko wapi? Yuko Pemba, yuko Metuge, yuko Montepuez, au amevuka Ruvuma. Pikipiki yake imeungua, imeporwa, au aliiuza kwa nauli ya familia.

Pikipiki yenyewe vita viliitia doa. Mahali popote waasi wanapoitumia kwa mwendo wa haraka, kila kijana aliyeipanda anakuwa wa kusimamishwa. Nigeria, jimbo la Borno lilipiga marufuku pikipiki Maiduguri mwaka 2011, na kazi ya maelfu ikahamia kwenye bajaji. Niger ilizuia pikipiki katika mkoa wa Tillabéri mwaka 2020. Hatua hizi zina sababu za kijeshi, na sizipuuzi. Lakini zinamwondolea riziki kijana yuleyule ambaye waasi wanamtafuta wakiwa na ahadi ya fedha mkononi. Mwendeshaji wa Cabo Delgado anapofika kwenye kizuizi cha barabarani, kinachomwokoa ni kujulikana. Mtu wa kusema "huyu ni wetu" ni chama, na hasa ni mzee wa chama, ambaye askari, mwenyekiti wa mtaa na imamu wote wanamfahamu kwa sura.

Ndiyo maana nasikitika zaidi kwa vijiwe vya huko kuliko vya Dar es Salaam. Kwenye vituo vya Pemba waliokimbia wanakutana na wenyeji waliojaza foleni. Kuna Wamwani, Wamakua na Wamakonde, kila mmoja ana njia yake ya kuzika na watu wake wa kuwaamini na fedha. Daftari la Mucojo, kama lilinusurika moto, liko kwa mweka hazina ambaye wanachama wake wametawanyika wilaya tano. Aliyechangia miaka minane hana pa kudai. Anaanza upya chini kabisa kama kijana wa miaka 18, na umri wake ni 38. Wengine wanaendesha kama deiwaka, wakishika pikipiki ya mtu mwenyewe anapokwenda kula au kulala, na deiwaka hana jina kwenye daftari la mtu yeyote.

Watu wanarudi kidogo kidogo pwani, wanakwenda na kukimbia tena kulingana na habari. Watakaporudi kwa kutulia, miradi itakuja nyuma yao na pikipiki za kugawa kwa vijana, picha zitapigwa, na kila mmoja ataondoka na yake. Ningekuwa na sauti ningeomba zigawiwe vinginevyo: zipewe kijiwe, kwa jina la kijiwe, na kabla ya pikipiki ya kwanza kuwashwa daftari lifunguliwe upya kwa majina ya wale waliokuwemo kabla ya vita, walio hai na wajane wa waliokufa. Waanzilishi wanakumbuka nani alitoa na nani hakutoa. Wameketi Pemba na Montepuez, wanaweza kuulizwa leo. Wasipoulizwa sasa, wakati kumbukumbu bado ziko vichwani mwao, njia ya Mucojo hadi Macomia itajaa pikipiki mpya za vijana wasiojuana, na dau la Macaloe likitua pwani na samaki wake kila mmoja atakimbilia tenga kivyake.